Kisunka, kwenye Bote Bananipisha Njia

Kisunka, mu milima ya Kundelungu, tarehe 11 janvier 1953

Kwa yaya yangu, dada mukubwa Régine, ku camp ya shemin de fer, Élisabethville

Yaya,

Mu batoto bote benye mama yetu alizala, mimi Anaclet njo nilibeba bahati yote peke yangu; nyinyi bengine mulibakia paka na majina muzuri tu. Nilitaka kuanza na salamu sawa vile bapadri balitufundisha, lakini hii neno ikibakia mu tumbo hata dakika moja itanipasua: ndugu yako iko anaishi sawa Muzungu wa vacances.

Sasa salamu. Jambo yaya. Jambo kwa Albertine na kifua yake, jambo kwa Marie-Thérèse na kelele yake. Ni mwezi ya ine sasa tangu tulizika bwana yako Adalbert. Kila dimanche nasomaka rozari juu yake, na nafikiri inafika mbio kuliko ya kwenu, juu huku mbingu iko karibu. Mimi niko mugumu. Nilinenepa hata, mukaba inalia.

Unakumbuka Bwana Delcourt, yule nilikuwa namutumikia ku meza ya hotel, yenye hapendi chumvi? Alijenga nyumba ya mawe huku juu kabisa, vyumba tano, madirisha ya vioo. Ni nyumba ya Bazungu benye banachoka na muji. Banafika na kamion, banavaa viatu ya misumari, banatembea tangu asubui mpaka saa sita, banapanda kilima, banaangalia, banashuka. Habaendi kwa muntu. Habatafuti kintu. Banaenda paka kuona, kisha banakula, banalala, na kesho yake banapanda ingine. Yaya, mbele nilisema, haba bantu iko bazima? Kisha nikajaribu mwenyewe. Vraiment, ni utamu! Hewa ya huku unaikunywa sawa mayi ya kisima. Hakuna vumbi, hakuna kengele ya kazi, hakuna jirani wa kukuomba makala.

Bwana alinipa cheo: gardien wa nyumba. Lakini sikukuya sawa muntu wa kufukuzwa, nilichagua. Bale wa Kamalondo, cité ya kwetu, benye balinicheka ku bar siku niliwaaga, “Anaclet, muntu mweusi anahamia ku mulima juu ya hewa?”, ubaambie hewa iko. Miezi ya mvula Bazungu habakuye sana, basi mimi njo mwenye mulima. Kila asubui navaa viatu, sac à dos ku mugongo, kamba ku bega, tochi ku mukaba, fimbo mu mukono, naenda promenade.

Na heshima! Hata gouverneur hapati hii heshima. Nikipita, bantu banatoka ku njia, banaingia mu majani, banangoja nipite. Bamama banashika batoto banafunga nao mulango, juu batoto basinisumbue. Juzi mama moja alikuwa na kitunga ya viazi; namuuliza tu bei gani, akaniachia kitunga muzima akaenda mbio. Hakungoja hata feza. Mu Kamalondo nani alikupa hata kiazi moja ya bure?

Sasa neno yenyewe. Ku camp balikuambia utoke mu nyumba ya kazi ya marehemu mbele ya mwezi ya saba. Yaya, uko unatafuta nini tena? Beba batoto, panda huku. Vyumba tano! Kifua ya Albertine itapona mu juma moja. Asubui tutakuwa tunatembea sisi bote na fimbo, sawa bantu ba maana.

Ndugu yako wa bahati,
Anaclet


Camp, Élisabethville, tarehe 22 février 1953

Mudogo yangu Anaclet,

Jambo. Sisi bote tuko. Albertine anakohoa asubui lakini mangaribi anacheza, basi namuacha acheze. Marie-Thérèse alitoka jino. Padri alisoma misa ya Adalbert, bantu balikuya bengi kuliko vile nilifikiri, na bukari ya kubalisha haikutosha. Nilipata haya. Balisema hapana, Mama Albertine, tulikuya kuomba, hatukukuya kula. Na bote balikuwa banaangalia sufuria.

Barua yako ilifika na harufu ya samaki. Ni Amadi aliileta, yule shofere wa kamion ya Mugiriki yenye inatoaka samaki ku Kasenga. Ilikaa naye juma tatu chini ya kiti.

Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka batoto balikuya kuona. Mara ya pili nilibakia na maulizo. Mimi nikipita mu Kamalondo bananisukuma, bananikanyaga, bananipigia kelele, “Eh, Mama Albertine, leo unatupita sawa kuni?” Njo namna yao ya kunipenda. Wewe bantu banakupisha, banaingia mu majani. Mu majani kuko nyoka, mudogo. Muntu anaingia mu majani ya mvula juu ya heshima?

Na huyu mama wa viazi, ulimulipa?

Sitaki kukuharibia furaha. Habari yangu ni hii. Godefroid, mutoto wa baba mudogo, yenye iko karani ku bureau ya cité, alinitafutia vyumba mbili mu Kamalondo. Mulango moja, mabati juu, robinet ya mayi ku njia. Kwa mujane hii kintu haionekane kila siku. Alibembeleza bakubwa yake mpaka balichoka na yeye. Lazima niende kuandika jina yangu mbele ya tarehe 15 juin. Nikikosa, banapa mwingine, na nyuma yake hakuna.

Basi iko hivi: vyumba mbili yenye niliona na macho, ao vyumba tano yenye nilisoma mu karatasi. Docteur anasema hewa ya juu ingesaidia Albertine. Njo maana nimekunja barua yako vizuri na kuiweka.

Niandikie bintu vile iko, hapana vile inapendeza.

Yaya yako,
Régine


Kisunka, tarehe 12 avril 1953

Yaya mupenzi,

Jambo mingi sawa mvula yenye ilikata barabara. Njo maana nilikawia. Niko muzima. Kiatu ya kushoto ilioza, ya kuume inavumilia. Nilifurahi na jino ya Marie-Thérèse. Mambo ya bukari usione haya: bantu kujaa ku misa ya muntu, ni sifa yake.

Mama wa viazi nilimulipa, unanifikiria namna gani? Niliweka feza ku jiwe mbele ya mulango yake. Iko pale mpaka leo, hakuna hata muntu aliigusa. Angalia inchi ya bantu baaminifu! Na nyoka, bantu ba huku habaiogope.

Leka nikuhadizie Paska. Bazungu mbili balipanda, bageni ba Delcourt, bwana na bibi yake. Bwana Delcourt akaniambia nitafute muntu wa kubeba hema. Nikapata Nkandu, baba ya batoto tatu, mabega sawa mulango wa kanisa. Tukatoka vizuri. Kufika ku kijito, anaanza:

“Tunaenda wapi?”

“Ku juu kabisa.”

“Kule kuko nini?”

“Hakuna kintu.”

“Kuko muntu?”

“Hata moja.”

“Basi tunaenda kukamata nini?”

“We Nkandu, hatukamate kintu! Tunaenda kuona. Tunalala mu hema, kesho tunarudia.”

Ananiangalia. Anaangalia kamba. Anaangalia Bazungu. Sasa Madame, muntu wa roho muzuri sana, anaona baba wa bantu anatoka jasho, anamuhurumia, anamutolea paketi muzima ya biskuti na kumuambia na Kiswahili yake ya kitabu: “Kula! Kula mingi!” Nkandu akatua muzigo polepole sawa muntu anatua mayai. Akasema anaenda mu majani kidogo. Yaya, leo ni siku ya saba. Hiyo tumbo yake inamusumbua vibaya.

Hema nilibeba mimi. Kule juu unaona inchi yote mpaka kwenye inaisha, na mawingu inapita chini ya viatu yako. Madame alilia juu ya uzuri. Mimi pia nililia, lakini yangu ilikuwa juu ya hema.

Ni hivi: bantu ba huku habajui vacances. Banaona muntu anapanda kilima bila jembe, bila bunduki, bila muzigo wa kuuzisha, banafikiri anaficha kintu. Nitabafundisha. Nilianza tayari kubachekesha. Kuko neno yangu moja ya mwezi ya kumi na mbili, mu kijiji banairudilia mpaka leo.

Kuya, yaya. Godefroid anajua kuandika paka majina. Hewa haiandikwe ku bureau.

Anaclet


Camp, Élisabethville, tarehe 5 mai 1953

Mudogo Anaclet,

Jambo. Baridi ilianza, na vumbi. Albertine alilala siku tatu, sasa anasimama. Anauliza kila siku kama ku mulima kwa wewe noko yake kuko maua. Marie-Thérèse anauliza kama kuko simba. Nilijibu sijui, nitamuuliza mwenyewe.

Amadi alifika dimanche. Nilimukaribisha chai, juu bibi yake Amida alinisaidia sana mu kilio. Akakunywa, akakaa, akazungusha kikombe. Nikaona iko na neno.

“Mama Régine,” anasema, “ndugu yako wa Kisunka, iko muzima wa kichwa?”

“Kichwa ya kucheka cheka, ndiyo. Juu ya nini?”

“Mimi nasimamaka chini, ku barabara, kwenye bantu ba mulima banashukaka na unga. Banasema kule juu kuko mutumbula. Iko anachunga nyumba ya mawe. Munene, na kamba, na tochi. Balimukuta anafungua mukebe ya nyama, moja akamuuliza, ni nyama ya nini? Akabajibu: ‘Ni ya bale benye banaulizaka maswali mingi.’”

Mudogo, mbele nilicheka. Ile ni sauti yako kabisa, niliisikia mu masikio. Kisha nikakaa chini na chai ikapoa.

Wewe ni mutoto wa muji, unajua hii hadizi kuliko mimi. Mutumbula ni muntu mweusi yenye anatumikiaka Bazungu ya kushika bantu. Anatembea peke yake, hana kazi yenye unaweza kuona. Akikushika anakutia mu shimo, anakulisha mpaka unenepe sawa nguruwe, kisha Bazungu banakukula ku karamu, na yenye inabakia inaingia mu mikebe. Mu Kamalondo tunaisema na kicheko, na bado jua ikiingia kila mama anahesabu batoto yake. Mimi pia nahesabu. Sasa kule ku mulima, kwenye hakuna muntu anakujua, nani atacheka?

Nilitoa barua zako zote nikazisoma na hii macho ingine. Batoto banafungiwa mulango. Feza ku jiwe, hakuna wa kuigusa. Nkandu anaambiwa kula mingi. Hiyo njo heshima yako.

Nakuuliza neno moja, na sitaki hadizi. Asubui ukifungua mulango, nani anakuita jina yako? Niandikie jina yake. Moja inatosha.

Tarehe 15 juin inakaribia, na mimi niko na batoto mbili.

Régine


Kisunka, tarehe 17 mai 1953

Yaya,

Jambo! Jambo kwa Albertine, umuambie maua iko ya rangi yote, hata yenye bado haijapata jina. Simba, umuambie Marie-Thérèse, ananiogopa. Baridi ya huku asubui inaweka kintu nyeupe ku majani sawa chumvi. Ukiikanyaga inalia krr krr. Bazungu banalipa juu ya kusikia hiyo, na mimi naisikia bure.

Amadi nilimucheka sana. Muntu wa samaki anajua nini ya mulima? Iko anasimama ku barabara, anasikia nusu, anakuletea tatu. Ile neno ya mukebe ilikuwa mazungumuzo tu. Balifurahi.

Unataka jina? Nikuandikie kumi, karatasi itaisha. Mukono yangu inaniuma juu ya kupeana salamu. Kuko Kunda, mukubwa wa kijiji. Tuko sawa pete na kidole. Alisimama mbele yangu na kuniambia: “Anaclet, mbele haujafika, hii kijiji ilikuwa inalala vizuri.” Unasikia? Nilibaamusha!

Nilikatia Albertine kitanda ya mianzi. Niliifunga mara tatu mpaka ilikuwa sawa, juu mbele ilikuwa inaegama upande wa kifua yake. Marie-Thérèse atalala na wewe. Nilipanda maharagi nyuma ya nyumba, mistari sita, inatoka muzuri. Nilichonga fimbo tatu na kuandika majina yenu, yako iko mrefu, ya batoto iko mifupi.

Usiandike jina ku bureau. Vyumba mbili na robinet ku njia, kila siku bamama kumi banapigana juu ya ndoo! Huku kijito ni yangu peke yangu. Nikifika, bote bananiachia.

Kuya, yaya. Nakuomba.

Anaclet


Camp, Élisabethville, tarehe 29 mai 1953

Mudogo,

Jambo. Tuko.

Nilitafuta majina mu barua yako mara tatu. Nilipata moja, Kunda. Ile neno yake sikuielewa vizuri, lakini jina iko. Na nilisoma ile ya kitanda kuegama upande wa kifua. Muntu yenye anafunga kitanda mara tatu hawezi kunitupa ku mulima na batoto. Basi nakuamini.

Nilienda kwa Godefroid kumuambia sitaandika. Aliniangalia sawa mugonjwa wa homa. “Régine,” anasema, “nilijishusha kwa bantu mbele nipate hii mulango. Unaiacha juu ya Anaclet? Anaclet yetu?” Nikasema ndiyo, Anaclet yetu. Akasema ataacha jina yangu na kalamu ya makala mpaka tarehe 15 juin asubui, kisha ataifuta, juu kuko familia ya bantu sita inangoja.

Tarehe 17 juin Amadi anatupakia. Niliuza meza na kabati. Mashini ya kushona inakuya. Albertine aliaga bwalimu na batoto bote ba masomo, hata bale benye balikuwa banamupiga, na akabaambia atakuwa anatembea na fimbo iko na jina yake.

Anaclet, kama kuko neno ulisahau kuandika, andika sasa. Ukiiandika, sitakasirika. Nikiikuta kule na batoto mukononi, njo nitakasirika.

Yaya yako


Kisunka, tarehe 7 juin 1953

Yaya,

Leo hakuna jambo, hakuna habari ya viatu. Hii barua nashuka nayo mwenyewe mpaka ku barabara, nitakaa pale mpaka Amadi apite, na nitaiweka mu mukono yake, hapana chini ya kiti. Ukimaliza kuisoma, uende kwa Godefroid siku ile ile.

Asubui nilikuwa nateremuka ku kijito. Nilisikia batoto banacheka na kupiga mayi. Nilivyotokea, bakakimbia bote, moja akabakia. Mutoto mwanamuke, pengine myaka sita. Alikuwa ameteleza ku mawe, muguu imevimba sawa kiazi tamu, hawezi kusimama. Aliniona akafunga macho. Nikamuambia, “Mama, usiogope, nakupeleka kwenu.” Nikamubeba ku mugongo. Njia yote hakulia. Nilimuimbia ile ya bandege, yenye namuimbiaka Albertine. Alikuwa mugumu ku mugongo yangu sawa ubao, hata kupumua nilikuwa sisikie.

Tukaingia mu kijiji. Bantu bakatoka ku njia, sawa vile nilikuandikia. Kalaba, mama yake, akatoka. Hakukimbia, hapana. Alikuya polepole, akapiga magoti mbele yangu mu vumbi.

“Bwana, muache,” anasema. “Huyu iko mudogo. Hana nyama.”

“Mama, alianguka tu ku mawe, angalia muguu—”

“Kamata mimi.” Akakunja nguo ya mukono, akanionyesha mukono yake. Akajishika nyama ya mukono na vidole, sawa vile tunashikaka kuku ku soko. “Angalia. Mimi niko munene kuliko yeye. Kamata mimi, bwana.”

Yaya, unanijua. Hata mbele ya juge wa kunifunga sikukosa neno, nilimuchekesha na akanipunguzia siku. Pale nilikosa. Nilishusha mutoto chini. Kalaba akamuvuta nyuma yake na bado alikuwa ananinyooshea ule mukono.

Kunda alikuwa amesimama ku mulango yake. Akasema na heshima yote: “Asante, bwana, ya kuturudishia mutoto. Ya leo tu.”

Ya leo tu, yaya. Alisema hivi. Njo huyo nilikuandikia ya kama tuko pete na kidole.

Uliniuliza jina. Hakuna. Mwezi ya saba sasa hakuna muntu alifungua kinywa kuniita Anaclet, ila Bwana Delcourt, na yeye anasema Anatole. Kunda sijakunywa naye hata mayi. Ile neno ya mukebe nilibaambia siku ya pili tu ya kufika. Balikuwa banaume ine, balileta kuni, na nilitaka tuanze vizuri, na kicheko, sawa mu bar ya Kamalondo. Pale bangejibu ingine kubwa kuliko yangu na tungekuwa bandugu mpaka mangaribi. Haba balitua kuni polepole, bakaenda. Na mimi pale nikafurahi, nikasema, angalia, nilibaweza!

Vyumba tano ni ya Bwana na Bazungu yake. Mimi nalala ku stoo na mafuta ya taa na masanduku. Kitanda ya Albertine iko mu stoo. Iko muzuri, yaya, hiyo haikukuwa muchezo. Maharagi iko kweli. Hewa pia iko kweli, na njo inaniuma sana, juu ile kifua ingepona huku. Lakini mutoto akizidiwa, nani atakufungulia mulango? Nani atakuuzia unga? Batoto gani batacheza na batoto ba dada ya mutumbula? Kalaba angewaona Albertine na Marie-Thérèse, angesema, angalia, sasa analeta bale wa kunenepesha.

Na nilijua hii yote siku nilikuandikia usiandike ku bureau. Ile njo haya yangu kubwa. Nilitaka mukuye juu mukiwa hapa, asubui kungekuwa bantu tatu ba kunisalimia.

Usinitafutie nafasi mu vyumba mbili yako. Nabakia. Hii neno niliileta na kinywa yangu, na sijaona kintu mu dunia kinywa yangu ilishindwa kutengeneza, ila hii. Kamba nilimurudishia Bwana. Nikirudia toka barabara, naenda kukaa ku kijito, mikono mitupu, bila sac, bila tochi, mpaka Nkandu ao mwingine asikie hasira anitukane mama. Siku batanitukana, nitajua bameanza kuniona muntu. Kama inachukua mwaka, ichukue.

Wewe shika mulango ya Godefroid. Mbele ya tarehe 15. Ununue meza ingine. Nitatuma ya kusaidia. Bamama ba robinet bakusukume, bakukanyage, na wewe ubasukume.

Bahati yenye nilijisifia mu janvier haikukuwa hata siku moja. Bantu habanipishe njia, bananikimbia. Nilikudanganya.

Anaclet